Mpangaji Aliyefukuzwa kwa Jino

Jina analo, tena la Biblia, refu na zuri, lakini hapa Kibokoni hakuna anayelitumia. Marehemu mama yangu alimwita Mpangaji, na mama alikuwa mtu wa sauti, basi mtaa mzima ukafuata. Muuza kahawa humwita Mpangaji. Watoto wa chuo cha Kurani wakimwona anarudi kazini na buti zake za bandarini humpigia kelele, "Shikamoo Mpangaji!" Hata sasa, ambapo chumba cha ghorofani kimekuwa chake kuliko kilivyo changu, na huniamuru lini nizipake chokaa kuta zangu mwenyewe, bado ni Mpangaji. Ukoo wake sina haja nao, na mwaka aliozaliwa hata yeye haujui. Ninalolijua ni kwamba alitoka bara, kwenye vilima vikavu, katika watu wanaojiita Zizi.

Hao Zizi ni Wakristo waliojitenga na dunia. Hawana redio wala umeme. Hawapigi picha, hawajitazami kwenye kioo, watoto wao hawapelekwi shule, na mgonjwa hapewi hata kidonge cha kichwa. Wanalima, wanaimba, wanaombeana. Nguo zao ni za kijivu na hufungwa kwa kamba, kwa sababu vifungo ni mapambo. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. "Hata vifungo? Vifungo vimemkosea nini Mungu?" Hakuudhika. Akanijibu, "Huanza vifungo, vikaja vya rangi, vikaja vya dhahabu. Wazee waliona mbali." Kisha akaitazama blauzi yake, iliyokuwa na vifungo vyekundu kuanzia shingoni mpaka kiunoni, akacheka yeye kunishinda.

Watu wakimwuliza alitorokaje huko, hutaraji kisa cha mapenzi au cha viboko. Yeye huwajibu, "Niling'oa jino." Basi. Ukimbembeleza ndipo huongeza. Jino la nyuma lilimwuma mpaka shavu likavimba kama la mtu aliyeficha embe kinywani. Wazee wakamwombea, na maombi yalikuwa mazuri, asema, ila jino halikusikia. Siku ya soko akachukua kikapu cha mayai, akaenda nacho kwa mganga wa meno aliyekuwa hapo sokoni. Sindano, koleo, jino likatoka. Alirudi nyumbani akiimba. Jioni ile ile wazee wakamwita, wakamwambia apige magoti mbele ya watu wote aseme anajuta.

"Nilijaribu, wallahi," aliniambia, maana maneno yetu keshayazoea, japo ni Mkristo. "Nilipiga magoti. Nikafungua kinywa. Lakini uso wote ulikuwa umetulia, sisikii maumivu hata chembe. Nitajutaje na huku nasikia raha? Ningesema najuta, ningekuwa nimemdanganya Mungu mbele ya watu."

Akainuka bila kusema anajuta, akatolewa. Mimi huwaambia wageni kwamba kuna wanaofukuzwa kwao kwa wizi, na kuna wanaofukuzwa kwa mambo ya usiku, lakini wetu alifukuzwa kwa jino. Naye akiwa karibu hufungua kinywa awaonyeshe pengo.

Lakini tusicheke sana, kwa sababu adhabu ya Zizi ni nzito kuliko kiboko. Aliyetolewa hatukanwi. Husalimiwa vizuri, huulizwa hali, akilia hubembelezwa. Ila hakuna anayekula naye. Chakula chake huwekwa chini, kando, na wote humpa mgongo mpaka amalize. Tena kitu kilicho mkononi mwake hakipokewi. Sharti akiweke chini, arudi nyuma, ndipo mwenzake akiokote. Itakuwa hivyo mpaka siku atakayopiga magoti na kusema anajuta. Na katika hao waliompa mgongo, wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, kwa sababu sheria ya Zizi humwanza aliye karibu.

Ndiyo maana, migongo hiyo ilipomshinda akaja Mombasa kupanga kwetu, alimtia mama yangu hasira kubwa. Mama alimpelekea bakuli la mbaazi, kumkaribisha. Kesho yake Mpangaji akalirudisha, tena halikuwa tupu, lilikuwa na mapapai mawili. Kufika mlangoni, badala ya kumpa mama mkononi, akaliweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama akitazama miguu yake.

"Loo!" mama akasema. "Yuaniwekea chini kama amwekeaye paka! Mwanamke huyu ana kiburi gani?"

Mimi nikasema labda ndiyo desturi ya kwao. Mama akaniambia kwamba desturi ya kudharau watu ibaki huko huko kwao. Walinuniana hivyo kwa muda. Mpangaji akiweka ufunguo chini, mama naye anauacha pale pale mpaka mtu mwingine apite. Mwisho mama, ambaye hakuweza kunyamaza hata akiwa na homa, alimwuliza usoni, "Hebu niambie, mwanangu. Mimi nina ukoma?"

Mpangaji akashtuka. Akaeleza yote, jino, wazee, migongo. Alidhani, maskini, kwamba kutolewa ni kitu anachotembea nacho mtu popote aendapo, na kwamba alikuwa akitulinda sisi. Hata chakula alikuwa akila kwenye ngazi, ametazama ukuta, asije akatuchafua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mkeka, akamketisha mbele ya sinia la wali. Akamwambia, "Nyumba hii hakuna alaye peke yake ila mgonjwa na paka. Wewe u yupi katika hao?" Mpangaji akasema yeye si yeyote katika hao. "Basi kula, wali wapoa."

Alikula siku ile, na tangu siku ile hajala peke yake nyumbani humu.

Sasa nisimfanye malaika. Ni mbishi. Kuimba hawezi na huimba kila alfajiri, nyimbo za Zizi, ndefu, zisizo na ngoma wala makofi. Mama alizoea kumpigia kelele kutoka chini, "Bibi, Mungu si kiziwi!" Naye alikuwa akishusha sauti kidogo, kisha akifika kwenye kiitikio anasahau. Taa huziwasha mchana kweupe. Nikimwambia stima inalika bure, hunijibu kwamba mimi nimezaliwa nayo ndiyo maana siioni. Na friji! Friji ndiyo mapenzi yake. Aliipanga ile friji kama mtu anavyopanga kabati la harusi. Siku moja niliifungua kutafuta maji nikakuta chumvi.

"Chumvi nayo yaharibika?" nikamwuliza.

"Haiharibiki," akasema. "Inapumzika."

Televisheni, kwa upande mwingine, hataki kuisikia. Asema humo watu husema na wewe bila kukutazama machoni. Simu anayo, ndogo, na akiongea kwa simu husimama wima na kuweka mkono kifuani, kama aliye mbele ya mgeni wa heshima. Kioo chetu cha ukumbini alikipita ameinamisha kichwa tangu alipohamia, mpaka mama akamshika mabega akamsimamisha mbele yake. Alijitazama weee, kisha akasema, "Kumbe nina masikio makubwa." Hiyo ndiyo hotuba yote aliyotoa.

Tena kazi yake! Mtu aliyekatazwa hata baiskeli, leo anaendesha forklifti bandarini Kilindini, ile gari ya pembe mbili ya kunyanyulia mizigo. Alianza kwa kufua nguo za watu hapa mtaani, halafu akapata kufagia kwenye bohari moja huko. Mkono unafagia, macho yapo kwenye mashine. Msimamizi wake, Mtaita mmoja mwenye roho nzuri, akamwambia, "Mama, hiyo mashine utaizunguka na ufagio mpaka lini? Panda." Akapanda. Ilimbidi kwanza aende ngumbaru ajifunze kusoma, kwa sababu Biblia aliijua kwa moyo lakini herufi hakuijua hata moja. Alijifunza pamoja na wazee wa kiume waliokuwa wakisinzia darasani, na nyumbani sisi tulimsikia akiyasoma maandishi ya kwenye kopo la maziwa kwa sauti kama anayehubiri. Wenzake kazini husema hajawahi kuangusha mzigo. Nikimsifu kwa hilo hunikata kauli. "Mashine haina haraka," husema. "Haraka ni ya mtu."

Kuna jambo ambalo wengi hawalielewi kwake. Kanisa analosalia, huko karibu na stesheni ya zamani, lilipata mhubiri mgeni, na huyo mhubiri aliposikia habari za Zizi akafurahi mno. Akataka Mpangaji apande jukwaani atoe ushuhuda jinsi alivyookolewa kutoka gizani, na kamera iwepo. Mpangaji alirudi nyumbani siku hiyo amefura. Akapandisha ngazi, akashuka, akapandisha tena.

"Giza gani?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyesema. "Mimi nilitoka nyumbani, sikutoka kuzimu! Kwetu hakuna mzee anayelala na njaa. Kwetu mtu akijengewa nyumba, wote wanajenga. Hapa nimeona watu wanazikwa na manispaa kwa kukosa mtu."

"Lakini wamekutenga," nikamwambia.

"Wamenitenga kwa sababu nilivunja sheria yao na sikutaka kusema najuta. Sasa ndio niwatukane?"

Basi wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani akashikwa na homa, na bibi yake akasema wasubiri kwanza wamsomee dua na kumpaka mafuta. Yule yule mtetezi wa Zizi aliingia mbio, akamnyakua mtoto, akapiga kelele mpaka tuktuk tatu zikasimama kwa pamoja. "Dua someni mkiwa njiani!" akawaambia. Mtoto akapona, leo ni kijana mwenye ndevu. Ukimwonyesha Mpangaji kwamba maneno yake na vitendo vyake haviendi pamoja, hukubali kwa kichwa, huongeza sukari kwenye chai, na mazungumzo yamekwisha.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, na hakukificha. Alitaka ale na mama yake kabla mmoja wao hajafa. Kila mwaka likizo yake ikifika alipanda basi, na kitambaa cha kijivu na sukari na unga, akaenda bara. Mama yake alimpokea langoni kwa furaha. Zawadi zikawekwa chini, zikaokotwa. Chakula kikapikwa, cha kwake kikawekwa kando ya boma, na mama akageuka akampa mgongo. Alikula akiutazama huo mgongo, asema, na kila mwaka ulikuwa umepinda zaidi.

"Si useme tu hayo maneno?" nilimwambia siku moja, na uchungu wake ulikuwa umenishika kweli. "Neno moja! Najuta, basi, umalize. Mungu anajua moyo wako."

"Mama yangu angejua ni uongo," akasema. "Angekula na mwongo, si na mimi."

Mama yangu naye alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, Mpangaji alimlisha uji kwa kijiko, asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi, na mama, aliyekuwa na maneno yake mpaka mwisho, alimwambia, "Mwanangu, Mola akujaalie wako nawe." Sote mle chumbani tulijua alimwombea nini, ale na mama yake. Tuliitikia amina, na Mpangaji akaitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Kabla ya Ramadhani iliyopita Mpangaji aliteleza kwenye ngazi zetu. Zile ngazi za nyumba za Mji wa Kale mwazijua, hazina huruma na mtu anayebeba ndoo. Kifundo cha mguu kikavunjika, akafungwa plasta mpaka gotini, na likizo yake ikaja ikapita yeye yuko kitandani. Kwa mara ya kwanza hakwenda bara. Na Zizi hakuna simu, kwa hiyo hakuwa na njia ya kumwarifu mtu. Nilimwona akihangaika. Alisema, "Mama atadhani nimechoka naye."

Alasiri moja ya Ramadhani nilikuwa ukumbini nachambua mchele, nikasikia tuktuk yasimama mlangoni. Akashuka mwanamke mzee, mfupi, mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli, nguo ya kijivu imefungwa kwa kamba kiunoni na shingoni. Dereva alikuwa amemshika mkono. Akaniambia, "Mama, huyu bibi nimemtoa kwenye basi. Anamtafuta mwanamke wa bara anayepanda mashine. Nikajua ni Mpangaji tu." Alikataa hata kulipwa, akaondoka.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa Kiswahili cha sokoni, kidogo lakini kinachotosha. Kabla sijaita, Mpangaji alikuwa ameshasikia sauti. Alishuka zile ngazi kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, mguu wa plasta mbele, analia na kucheka. Yule bibi akamtazama.

"Mwaka huu hukuja," akamwambia.

"Niliumia, mama."

Bibi akainama akaigusa ile plasta, akaigonga kwa kidole. "Jino," akasema. "Sasa na mguu." Kisha akamkumbatia, kwa sababu kukumbatia hakukukatazwa, nao wakakaa hivyo mpaka binti zangu wakaanza kupangusa macho kwa mitandio.

Adhana ya magharibi ilipokaribia tukaandika futari, mimi na binti zangu wawili. Sinia la wali wa nazi likawekwa mkekani, samaki wa kupaka juu yake, na pembeni viazi, kaimati na uji wa pilipili manga. Tukafungua kwa tende. Bibi wa watu alikuwa amesimama kando, hajui akae wapi, na mimi ndipo nilipogutuka kwamba sinia ni moja. Nikamtazama Mpangaji. Yeye alikuwa ameshaona zamani. Akachukua gongo lake, akajiinua.

"Nyinyi kuleni na mama," akasema, na uso wake ulikuwa na tabasamu. "Amesafiri, ana njaa. Mimi nitakula baadaye."

"Mpangaji, keti!" nikamwambia.

"Hatakula nikiwapo. Nakuomba, dada."

Akaenda jikoni akichechemea. Jiko letu liko pale pale, halina hata pazia. Akaketi kwenye kigoda, akatugeuzia mgongo, ili mama yake ale kwa amani. Nikamkaribisha bibi, akaketi, akanawa. Sisi tukaanza kula, au kujifanya tunakula. Yeye mkono wake ulibaki ukingoni mwa sinia.

"Siku zote," akaniuliza, "huyu anakula na nani?"

"Anakula nasi, bibi."

"Hapa? Chombo hiki?"

"Hapa hapa. Tangu mama yangu yuko hai. Hajala peke yake nyumbani humu."

Aliutazama wali, akatutazama sisi mmoja mmoja, halafu akautazama ule mgongo jikoni. Midomo yake ilikuwa ikitikisika, sijui alikuwa akiomba au akihesabiana na nafsi yake. Mimi nilimwomba Mungu kimoyomoyo, na sioni haya kusema kwamba nilimwomba kwa ukali.

Kisha akatia mkono siniani. Alimega tonge, akachukua kipande cha samaki, akakichambua miba kwa subira, akaitoa yote, akakishindilia ndani ya wali. Nikadhani anakula. Hakula. Akajiinua na tonge mkononi, na mkono mwingine ameukinga chini yake, chembe isianguke.

"Wazee walisema nisile naye," akaniambia. "Kulisha mtoto hawakusema."

Akaingia jikoni. Alimzunguka akamjia kwa mbele, akamwambia neno kwa lugha yao ambalo hata sisi tulilielewa. Mpangaji, mwanamke mwenye mvi, dereva wa mashine wa Kilindini, aliinua uso akafungua kinywa, na mama yake akamtia lile tonge kwa mkono wake. Alitafuna machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na bibi akayafuta kwa kiganja, akarudi kwetu kumega la pili. Alipokuja kwa la tatu niliona anahema. Nikawakonyeza binti zangu, tukalishika sinia huku na huku, tukalisogeza mpaka mlangoni mwa jiko, ili bibi wa watu asichoke kwa kwenda na kurudi.